Nilimkataza jirani kumpiga mwanangu, sasa mtaa mzima umenyamaza

SWALI: "Niko Wete, Pemba, nina watoto watatu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 11. Baba yao anafanya kazi Unguja, huja pale anapopata nafasi. Mimi nilikuwa Oman miaka miwili nikifanya kazi za ndani, watoto wakakaa kwa bibi yao mzaa baba, niliporudi nikawachukua. Mwaka jana jirani yangu, bi mkubwa anayeheshimika, alimkuta mwanangu na wenzake wanarusha mawe kwenye mwembe wake, akamchapa fimbo mpaka akatoka alama mguuni. Nilikwenda kwake na hasira zangu, nikamwambia mbele ya watu: mwanangu usimguse tena. Tangu siku ile hakuna anayemsemesha wala kuniambia jambo lake. Wiki iliyopita ustadhi aliniita, akanambia mtoto hajafika chuoni wiki tatu. Na kila siku alasiri huniaga, msahafu mkononi! Kumbe huenda bandarini, na majirani wanamuona. Nimemkuta na pesa, hasemi kazipata wapi. Mama mkwe anasema mimi ndiye niliyewaziba watu midomo, na kwamba hizi haki za watoto ndizo zilizoharibu malezi. Baba yake anataka apelekwe dahalia, akae na kulala huko huko skuli. Je, nilikosea kumtetea? Nimrejeshe mikononi mwa mtaa wampige? Najua mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono yenyewe ndiyo hii."

JIBU:

Dada yangu, hukukosea kumtetea mwanao. Alama mguuni kwa mtoto wa miaka 11, kisa maembe, ni jambo ambalo mzazi ana kila haki ya kulikataa. Kilichokuponyoka ni namna ulivyolikataa. Umesema mbele ya watu, na kwa hasira, kwa hiyo mtaa ukasikia mambo mawili kwa pamoja: "usimpige" na "hayakuhusu". Wewe ulikusudia la kwanza tu. Wao wamelishika la pili, na wanalitekeleza mpaka leo.

Kwa hiyo swali lako, nikilisoma vizuri, halihusu fimbo peke yake. Unauliza kama mzazi anaweza kuomba jicho na ulimi wa jirani bila ya kuukaribisha mkono wake. Naamini anaweza, na kwa hali ya nyumba nyingi za Pemba na Unguja hivi leo, ambapo baba yuko kwengine na mama anatafuta, hana budi. Lakini halijileti lenyewe. Zamani lilikuwepo bila kuombwa kwa sababu watu wa mtaa mmoja walikuwa ndugu, wameoleana, na mashamba yao yanapakana. Sasa lazima uliombe kwa mdomo wako, mtu kwa mtu.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu ana hoja nusu. Anakumbuka kweli mtaa ambao mtoto akifanya kosa huku sokoni, habari inafika nyumbani kabla yake. Hilo lilikuwepo na lilifanya kazi. Lakini tukilisimulia huwa tunaikumbuka fimbo na kuisahau habari. Aliyemrudi mtoto wa jirani alikuwa mtu ambaye jana yake alimlisha, anamjua jina, anamjua hata babu yake, na jioni ileile alikwenda kumwambia mama yake: leo nimemkuta mwanao pahala fulani. Kilichomweka mtoto sawa ni kule kujua kwamba watu wazima wanazungumza. Fimbo ikiondolewa, mazungumzo yale yanabaki na nguvu yake. Mazungumzo yakiondolewa ikabaki fimbo, unapata kilichokupata wewe: mtoto anachapwa, mama anasikia kwa wengine, pakazuka ugomvi.

Na kuna upande wa zamani ambao wazee wetu hawapendi kuusema. Wapo watoto walioumizwa na watu wazima waliokuwa wakiaminiwa, wakanyamaza, kwa sababu walishafundishwa kwamba mtu mzima hasemwi. Mtaa uleule uliolea ndio uliowafunga midomo. Ukitaka kuurejesha ushirika wa malezi, urejeshe na mlango ambao mtoto naye anaweza kuutumia kusema: fulani kanifanyia hivi.

La haki za watoto nalo tuliseme wazi, maana linapotoshwa kila kikao. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa. Haikumvua mzazi mamlaka ya kumrudi mwanawe. Imeweka mpaka tu, kwamba kumrudi kusifike kumuumiza mwili wala akili. Na hakuna pahala ilipomkataza jirani kumwambia mtoto "wee, saa hizi huko chuoni, hapa unafanya nini?" Sheria hiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa mwaka 2015 kwa namna inavyolinda watoto, na hapa kwetu tunazungumza kana kwamba imeletwa kutunyang'anya watoto. Jirani anayesema "siku hizi mtoto wa mtu hasemwi, utashitakiwa" hajaisoma. Kumsema mtoto na kumchapa mpaka akatoka alama ni mambo mawili mbali kabisa.

Sasa tuje kwa mwanao mwenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Wiki tatu za kukuaga na msahafu mkononi ni uongo wa kupangwa, na najua umekuuma. Lakini utazame vizuri. Mtoto wa miaka 11 hapangi uongo wa wiki tatu kwa ajili ya raha tu. Aghalabu kuna anachokikimbia na kuna anachokifuata. Bandarini anafuata nini? Huenda ni kazi ndogondogo za dikoni, pale vyombo vinapofikia: kusaidia kushusha samaki, kutumwatumwa, akalipwa pesa kidogo. Huenda ni msimu wa karafuu na kapata pa kuokota zilizodondoka. Huenda pia, na hili lazima ulifikirie kwa utulivu, kuna mtu mzima anayempa pesa kwa nia yake mbaya. Watu wa namna hiyo huanza hivyo: zawadi, pesa ya soda, simu ya kuchezea, halafu siri. Sisemi kwamba ndilo. Nasema usilale na swali hilo halijajibiwa.

Na chuoni anakimbia nini? Huenda amebaki nyuma: wenzake wako juzuu ya mbele, yeye alikatika katikati wakati ule anahama kwa bibi yake kuja kwako, sasa anasomeshwa pamoja na wadogo na anaona haya. Huenda kuna wakubwa wanaomuonea. Huenda anachapwa. Huenda kuna jambo baya zaidi. Vyuo vyetu vingi vina walimu wanaomcha Mungu, na huyo ustadhi wako kukuita mwenyewe ni dalili njema. Hata hivyo mtoto anapokimbia pahala ghafla, pahala hapo panaulizwa, pawe skuli, chuo au nyumba ya ami yake.

Watafiti wawili wa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, mwaka 2000 walichapisha kazi iliyowashangaza wengi katika fani hii. Waliwauliza watoto wa miaka 14 na wazazi wao ili wajue mzazi anapataje habari za mwanawe. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba mzazi anayejua ni yule anayefuatilia na kubana sana. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya anachokijua mzazi hutoka mdomoni mwa mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Macho ya watu yanasaidia, lakini mtoto anayesema ndiye chanzo kikuu. Mwanao sasa hasemi. Ukimchapa leo ili aseme pesa kazipata wapi, atakupa jibu la kuiondoa fimbo, si jibu la kweli, na kesho atazificha vizuri zaidi. Hivyo ndivyo kipigo kinavyofanya kazi ndani ya kichwa cha mtoto: hofu inamfunza kumkwepa anayeadhibu, na akili yake yote inakwenda kwenye kutokamatwa. Sehemu ya ubongo inayompa mtu subira na kupima matokeo bado inajengeka kwa miaka mingi mbele, mpaka baada ya miaka 20. Umri huu anahitaji mtu mzima wa kumsaidia kupima, na hamkaribii anayemuogopa.

Kaa naye usiku, wadogo zake wamelala. Usimwite kwa sauti ya kesi. Mwambie unachokijua, ili asipoteze nguvu kukanusha: "Najua chuoni huendi, na najua unakwenda bandarini. Sikukuita nikupige. Nataka kujua kuna nini chuoni." Halafu nyamaza. Wazazi wengi wanauliza swali zuri kisha wanalijibu wenyewe kwa waadhi wa nusu saa. Akisema kidogo, kipokee hicho kidogo, urudi kesho. Swali la pesa liulize mwisho, na uliulize hivi: "Aliyekupa alikutaka ufanye nini?" na "Amekwambia usiniambie?" Kama jibu la hilo la pili ni ndiyo, basi tumeshatoka kwenye utoro tumeingia kwenye ulinzi, nami nitalirudia hapo chini.

Adhabu iwepo, usinielewe vibaya. Kuhadaa kwa wiki tatu hakupiti hivihivi. Kwa muda asitoke alasiri bila ya kusindikizwa. Wiki tatu za masomo azifidie, na aende mwenyewe kwa ustadhi kuomba radhi, wewe ukiwa pembeni. Adhabu yenye mwanzo na mwisho, inayolingana na kosa, humbakisha mtoto upande wako.

Sasa jirani. Nenda kwake, usitume ujumbe wa simu, na usimtume mtu. Nenda alasiri wakati amekaa barazani kwake na hakuna watu wengi. Wewe ndiye mdogo, anza wewe: "Bi, nimekuja kwa lile la mwaka jana. Nilikusemea mbele ya watu, halikuwa jambo la adabu kwako, nisamehe. Kupigwa mwanangu bado sikutaki, na mawe kwenye mwembe wako pia sikuyataka, ningemrudi mimi kama ningelijua. Ninachokuomba ni kimoja: ukimuona pahala si pake, mseme, kisha uniambie. Usiku au mchana." Sikiliza atakachosema, hata kama kitakuchoma kidogo. Sikuhakikishii kwamba atalainika siku hiyo. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mtu mzima aliyenyamaza kwa kuvunjiwa heshima anasubiri tu aombwe.

Usiishie kwake, wala usiupe ruhusa mtaa mzima kwa mkupuo. "Mtoto wetu sote" ni neno tamu, ila mtoto wa watu wote mara nyingi huwa hana wa kumuuliza. Chagua wachache unaowaamini, uwaombe kwa majina yao: bi mkubwa huyu, ustadhi, mwalimu wake wa darasa skuli, mwenye duka analopita kila siku, na ami yake au mjomba wake mmoja aliyepo Wete. Kila mmoja umwambie ruhusa yake ni ipi: kumuona, kumuuliza, kumkanya kwa maneno, kukupigia simu. Mkono hapana. Na mtoto naye ajulishwe, tena mbele yao ikiwezekana, ili asijione anapelelezwa, ajue ana watu. Mwambie na la upande wake: mmoja wa hawa akikufanyia jambo lisilokupendeza, akikushika unavyoona si sawa, au akikutaka mfiche siri, njoo useme, sitakukasirikia.

Ipo kazi moja ya miaka mingi iliyofanywa kwenye kisiwa cha Kauai, katika visiwa vya Hawaii. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Miongoni mwao walikuwemo waliokulia kwenye shida nzito: ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili nyumbani. Kiasi cha thuluthi moja ya hao wa shida walikua vizuri, wakawa watu wa kazi zao na familia zao. Jambo mojawapo walilofanana ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika imara, na mara nyingi hakuwa mzazi: alikuwa bibi, shangazi, jirani, mwalimu. Hicho ndicho unachokijengea mwanao unapokwenda barazani kwa bi mkubwa yule. Mtoto anayetazamwa na watu wachache wanaozungumza wao kwa wao ana nafasi nyingi za kushikwa kabla hajaanguka.

Hapo ndipo mama mkwe anapoingia tena. Miaka miwili yeye ndiye alikuwa mama wa watoto hawa. Uliporudi ukawachukua, ilikuwa haki yako, lakini mtoto alipoteza mtu na yeye alipoteza watoto, kwa siku moja. Maneno yake makali juu ya haki za watoto huenda yana huzuni hiyo ndani yake. Mpe sehemu inayojulikana: pengine Alkhamisi na Ijumaa mjukuu akalale kwake, au amsikilize kusoma. Mtoto mwenyewe huenda atamwambia bibi yake lile asiloweza kukwambia wewe. Lipokee bila ya wivu. Na usijilaumu kwa Oman. Ulikwenda kutafuta riziki yao, uliwaacha kwa mtu wa damu yao, na umerudi.

Kuhusu dahalia, siungi mkono, angalau si sasa. Wapo watoto wanaonufaika nayo, hasa wakubwa kidogo, wanaokwenda kwa kutaka kusoma na nyumbani kwao kukiwa na utulivu. Mwanao ameshahamishwa mara mbili katika miaka michache, kwa mama kwenda kwa bibi, kwa bibi kurudi kwa mama. Ukimhamisha mara ya tatu, na kwa sababu ya kosa, atafahamu kwamba akikosea huondoshwa. Na kama kuna mtu mbaya anayemfuata, au jambo lililomtokea chuoni, utampeleka mbali nalo likiwa ndani yake, kwa watu wasiomjua.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Mtafutie mtu wa kumuona ana kwa ana, usingojee, ukiona yoyote katika haya: amekataa kabisa kusema pesa zimetoka wapi na zinaendelea kuja, ana vitu vipya, anaogopa mtu fulani au nyumba fulani, amerudia kukojoa kitandani, ana maumivu au majeraha sehemu za siri, halali, hali, au anasema bora afe. Watoto wa kiume nao hudhalilishwa, na hunyamaza zaidi kuliko wasichana. Kama unashuku kwamba limetokea karibuni, usimkoshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali kama alivyo. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali, Mnazi Mmoja kwa Unguja, na kwa Pemba Chake Chake na hapo hapo kwenu Wete, ambako daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wanapatikana pahala pamoja ili mtoto asizungushwe akisimulia jambo lile lile kila ofisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure. Kwa utoro tu na usumbufu wa kawaida, afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya anatosha, na sheha wako, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, anaweza kukuunganisha naye.

Na jiandae na muhali, ile haya ya kumvunjia mtu uso. Ikiwa atakayetajwa ni mtu wa ukoo, au mtu mwenye jina mtaani, watakuja wazee usiku wakutake mlimalize nyumbani, mtoto asiaibike, ukoo usivunjike. Watasema kwa upole na baadhi yao watakuwa na nia njema. Usikubali. Makosa ya kudhalilisha watoto hayana sulhu ya barazani. Zanzibar imeyawekea mahkama yake maalumu, na kesi nyingi huanguka kwa sababu familia zimerudi nyuma katikati ya njia. Aliyesamehewa kwa muhali anabaki mtaani, na mtaani pana watoto wengine. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hao wanaokuja usiku nao ni wachunga, na unaweza kuwajibu hivyo hivyo.

La mwisho ni la baba yake. Kuwa Unguja hakumtoi katika malezi, na pesa ya matumizi pekee haitoshi. Wiki hii ampigie simu ustadhi mwenyewe, si kupitia kwako. Azungumze na ndugu yake aliyepo Wete, ili alasiri moja ami huyo ashuke bandarini na mtoto, awajue watu anaokaa nao pale, na awaambie: huyu ni mtoto wa fulani, saa za chuo mkimuona mrudisheni, na namba yangu hii. Halafu kila usiku, kwa wakati uliopangwa, baba azungumze na mwanawe, na asianze kwa kuuliza kama amekwenda chuoni. Wakishafanya hivyo kwa muda, ndipo mkae mzungumze tena habari za dahalia.